Usimpake Asubuhi

Vueni viatu kwanza. Ndiyo, nyinyi nyote mnaojiandaa kuingia katika kazi ya kutengeneza miguu ya bandia, vueni viatu na soksi, mkae chini, mtazame nyayo zenu. Msione haya. Mimi nimetazama nyayo na vigutu vya watu tangu wengi wenu hamjazaliwa, na hakuna harufu inayoweza kunishtua. Shikeni kisigino. Kigumu, sivyo? Ukikikwaruza kwa ukucha hakisemi kitu. Sasa pandeni juu kidogo, mshike ngozi ya mbele ya muundi, pale mfupa ulipo karibu kabisa. Ifinye. Ni nyembamba, inateleza juu ya mfupa, ina vinyweleo, na inauma. Kazi yangu yote, tangu siku niliyoingia karakana hadi siku ya kustaafu, waliponipa saa ya ukutani na soda moto wakaniambia asante, ilikuwa kuibembeleza ngozi hii ya muundi ifanye kazi ya ile ya kisigino. Nawaambia mapema msije mkasema hamkuambiwa. Haikubali. Inavumilia tu, na uvumilivu wake una mwisho.

Walioniomba niandike haya walitaka niwatie moyo. Nimejaribu, Mungu ni shahidi. Lakini kila nikiutafuta huo moyo namwona Nafula na kopo lake la mafuta, kisha kalamu inasimama. Basi nitawapa nilichonacho.

Karakana yetu ilikuwa Kariobangi, nyuma ya zahanati ya misheni, katikati ya mafundi wa jua kali. Upande mmoja walikuwa wapiga sufuria, upande wa pili mtu wa kuchomelea mageti, kwa hiyo ukitaka kumsikia mgonjwa ilibidi ungoje nyundo zipumzike. Tulikuwa mafundi wawili: Mzee Odera, aliyenifundisha kazi, na mimi Mutheu, mwanamke peke yangu pale. Yeye alichonga nyayo za mbao na kufunga vyuma. Mimi nilichukua umbo la kigutu kwa plasta, ule unga mweupe unaoganda ukitiwa maji, halafu nikashona kikombe cha ngozi ya ng'ombe, yaani ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia ambamo kigutu kinaingia na kukaa. Plasta ilinikausha mikono mpaka ikapasuka kama udongo wa Machakos wakati wa kiangazi. Nyumbani watoto wangu walikataa niwaguse mashavu.

Mzee Odera alikuwa mtu wa maneno machache na pua kubwa, na pua yenyewe ilikuwa kifaa cha kazi. Mgonjwa akiingia, mzee haulizi anatembeaje. Anaomba mguu wa bandia, anaupindua, anaingiza pua ndani ya kikombe, anavuta. Wagonjwa wapya walidhani ana wazimu. Lakini jasho la siku moja lina harufu yake, jasho la wiki lina yake, na kidonda kinachoanza kinanuka utamu kidogo kabla mwenyewe hajakiona. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Mutheu, mgonjwa atakudanganya kwa sababu anaogopa umnyang'anye mguu. Wewe usigombane naye. Uliza ngozi."

Na namna ya kuiuliza alinifundisha vilevile. Karatasi za mafunzo zilizotoka ng'ambo zilisema tazama wekundu, kwa sababu pale ngozi inapoumizwa damu hujaa na pakawa pekundu. Ala! Mtazame mtu wa Busia mweusi tititi, utafute huo wekundu mpaka jioni ikukute. Ngozi yetu ikiumizwa inazidi weusi, inang'aa mahali pamoja kama imepigwa rangi ya viatu, na inapata joto. Joto hilo ulipime kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, maana kiganja cha fundi kimejaa sugu na hakihisi kitu. Hili andikeni mahali, ni moja ya mambo machache ninayowaachia ambayo hayajanivunja moyo.

Nisiseme kana kwamba hatukucheka. Kuna wakati tuliletewa msaada wa vifuniko vya kuvisha miguu ya bandia, mpira laini mzuri, vyote rangi ya mzungu aliyeungua na jua. Kijana mmoja mcheza mpira wa hapo Kariobangi alivaa chake, akajitazama, akaketi chini.

"Niaje, Fundi? Hii ni mguu ya mzungu. Nikienda base maboyz wataniuliza nimeiiba wapi."

Nikachukua dawa ya kutia rangi ngozi za viatu, nikachanganya kahawia na nyeusi hadi ikalingana na mkono wake. Alifurahi mno. Wengine wakataka. Mama mmoja wa kwaya akatiwa rangi yake Ijumaa, Jumapili akasimama mbele ya kanisa kwa sketi nyeupe, jua likiwaka, na rangi ikayeyuka. Alirudi Jumatatu na sketi mkononi. Nilimweleza kwamba rangi ya Mungu haiyeyuki kwa sababu imewekwa ndani, kwenye seli za chini kabisa za ngozi ya juu, na kazi yake ni kutukinga na jua. Akaniambia, "Fundi, sikuja kwa masomo. Hii sketi ni ya sare."

Basi, Wekesa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni alipoletwa na mkewe Nafula. Wote wawili ni watu wa Bungoma. Wekesa alikuwa mchomaji wa mikate katika kiwanda ambacho sitakitaja, mtu mrefu, mabega mapana, aina ya mtu ambaye ukisimama karibu naye unajihisi salama. Lori la mchanga lilimkanyaga mguu wa kulia alipokuwa akivuka barabara. Hospitali waliukata chini ya goti, na goti wakamwachia.

Hapo tulieni mnisikilize. Mtu aliyebakiwa na goti na mtu asiye nalo si ndugu. Mwenye goti lake hupanda ngazi, huchuchumaa, huinuka kitini bila kutafuta ukuta, na suruali ikishuka vizuri hakuna atakayejua. Asiye nalo huburuta chuma siku nzima. Mzee Odera alipenda kusema kwamba sisi hatutengenezi miguu, tunalinda magoti. Wekesa na Nafula walikaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja na watoto watatu. Msimamizi wa kiwanda alikuwa amemwambia, "Ukirudi ukitembea bila magongo, nafasi yako iko. Lakini kwa tanuri hakuna mahali ya magongo." Kwa hiyo goti lile lilikuwa ngazi zake, kazi yake na unga wa watoto wake.

Nilimshonea kikombe kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona. Sijisifu, hata Mzee Odera alikigeuza mara mbili na hakupata la kusema. Siku aliyosimama juu yake bila kushika chochote, Nafula alipiga kigelegele mpaka wapiga sufuria wakaacha nyundo wakaja kuchungulia dirishani. Wekesa alirudi kazini. Akawa anapita karakana saa za kwenda zamu, karibu na saa sita mchana, kutusalimia tu, suruali imepigwa pasi.

Kisha siku moja akapita akichechemea. Mzee Odera akamkalisha, akaomba mguu, akaingiza pua. Akakaa nayo humo kwa muda.

"Hapa kuna mafuta," akasema.

Wekesa akatazama chini. "Ni mama watoto. Ananipakanga asubuhi."

Nilitazama kigutu. Ngozi ilikuwa laini, nyororo, inang'aa, nzuri ya kumwonyesha bibi harusi. Mbele, pale kwenye ncha ya mfupa wa muundi, palikuwa na weusi mpya, na nilipoweka mgongo wa mkono palikuwa na moto. Pembeni, kwenye mashina ya vinyweleo, vijipu vidogo vimeanza. Nikamwambia aje kesho na mkewe.

Nyinyi mmekua Nairobi, hamna haja ya kuelezwa. Tangu mtoto anapotolewa kwenye karai, anapakwa mafuta ya mgando mpaka anang'aa kama chungwa. Ukimtoa mtoto nje akiwa amepauka, majirani watauliza kama mama yake yuko hai. Tunapaka uso, viwiko, magoti, miundi. Kupauka kwetu ni aibu, ni kusema mtu huyu hana mwenyewe. Nafula alilelewa hivyo, na mimi nililelewa hivyo, nanyi pia.

Alikuja na kitambaa kipya kichwani, akakaa kwenye benchi, nikaanza somo. Na kwa sababu ndilo somo mnaloendea chuoni, nitalirudia hapa, pengine litawasaidia kuliko lilivyotusaidia sisi.

Ngozi ina tabaka. Ile ya juu kabisa, unayoiona, imekufa. Ni seli zilizokauka, zimelaliana kama vigae vya paa, hazina damu wala hisia. Hizo ndizo ukuta. Zinazuia maji kutoka na wadudu kuingia, nazo zikisuguliwa pole pole huongezeka na kuwa sugu. Chini yake ndiyo ngozi yenyewe iliyo hai, ina mishipa ya damu, ina neva za kuhisi joto, maumivu na mguso, ina mashina ya nywele, tezi za jasho na tezi za mafuta. Chini zaidi kuna mafuta ya mwili, ambayo ni godoro la mfupa. Mungu alipoumba unyayo alifanya akili. Aliweka ukuta mnene na godoro nene, akaweka jasho, lakini nywele hakuweka, wala tezi hata moja ya mafuta. Viganja na nyayo ndivyo vilivyonyimwa mafuta, kwa maana ndivyo vya kazi. Muundi haukuumbwa kukanyagiwa. Ukuta wake ni mwembamba, godoro karibu hakuna, nywele zipo, mafuta yake yapo tayari. Sasa wewe ukiongeza mengine juu, ukaufungia ndani ya ngozi ya ng'ombe, mbele ya tanuri, jasho halina pa kwenda. Ule ukuta unaloa, unalainika kama mkate kwenye chai. Halafu unaukanyaga zamu nzima.

"Kwa hivyo nisimpake," Nafula akasema.

"Asubuhi usimpake. Jioni akivua mguu, mwoshe kwa sabuni, suuza, kausha, pigisha hewa. Ukitaka sana kumpaka, mpake hapo kidogo, alale nayo. Asubuhi ngozi iwe kavu."

"Atoke nje akiwa amepauka?"

"Nafula, nani ataona kigutu ndani ya suruali?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Mimi si ninaona."

Wekesa alikuwa ametoka nje kuongea na wapiga sufuria. Akitazama mlangoni kuhakikisha, Nafula akaniambia lililobaki. Baada ya hospitali, mumewe alikuwa amegeukia ukuta. Hakutaka kuguswa, hakutaka kutazamwa, hata mtoto mdogo akimpandia kitandani alimsukuma. Miezi ilipita hivyo. Asubuhi moja watoto wakiwa shuleni, Nafula alikuwa anajipaka mafuta mikono, na yakazidi kiganjani. Hakutaka kuyapoteza. Bila kuuliza, akayapaka kwenye kigutu. Wekesa hakumsukuma. Akapaka mpaka yakaisha, na Wekesa akaanza kuongea, kwa mara ya kwanza tangu lori. Aliongea habari za tanuri, habari za mama yake, mambo yoyote. Tangu siku ile, kila asubuhi watoto wakishatoka, Nafula alimpaka na Wekesa akaongea.

"Usiku anarudi watoto wamelala chini, chumba ni kimoja, yeye mwenyewe amechoka, hasemi kitu," akasema. "Ni asubuhi tu, mama. Tuko na asubuhi peke yake."

Nilishona ngozi maisha yangu yote, na siku ile sikujua pa kuweka sindano. Nikamrudishia yaleyale. Usimpake asubuhi. Mnaweza kuongea bila mafuta. Akaitikia kwa adabu, kama tunavyoitikia daktari.

Mtaniuliza kama walijaribu. Walijaribu. Wekesa alikaa nyumbani siku kadhaa bila kuvaa mguu, na ngozi ikaanza kujifunga, maana ngozi ina hisani hiyo. Ukiipumzisha, zile seli za chini zinazaa mpya, zinapanda juu, zinakufa, zinakuwa ukuta tena. Haidai kitu kingine, inadai kupumzika. Na Eastlands, wapendwa wangu, ukiwa kibarua, kupumzika ndiko tusikokuwa nako. Kiwanda kikatuma mtu. Wekesa akaambiwa kuna kijana mwingine anasimama mahali pake na anasimama vizuri. Akafunga mikanda ya mguu, akaenda.

Na Nafula akapaka. Sikumlaumu wakati ule, wala leo. Alikiona kidonda, akaona mahali ngozi ya ng'ombe inapouma, akafikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefikiri: kitu kikisuguana, kitie mafuta. Bawaba ya mlango tunaitia mafuta. Mkokoteni tunautia mafuta. Akaongeza, akapaka nene, ili mumewe asiumie.

Wekesa alipopita tena nilimwambia avue, akakataa. Mzee Odera akaomba mguu, akakataa. Nilisimama mlangoni nikamzuia kama mama anavyomzuia mtoto.

"Wekesa, hicho kidonda kikifika mfupani, goti linaenda. Unanisikia? Goti linaenda."

"Nasikia, Fundi."

"Hakikuumi?"

"Inauma vibaya sana."

"Sasa kwa nini unakikanyaga? Maumivu ni askari wa lango, anakuambia kuna mwizi. Wewe unamwambia askari anyamaze!"

Alitabasamu, na tabasamu lile silisahau. "Fundi, nikikaa chini watoto watakula hiyo goti?"

Sijawahi kukasirika maishani mwangu kama nilivyokasirika siku ile, na sikujua namkasirikia nani. Si yeye. Si mkewe. Msimamizi wake naye alikuwa mwajiriwa kama sisi. Kila mtu katika habari hii alikuwa na sababu njema, na sababu zote njema zilikuwa zinatembea kuelekea goti la yule mtu. Nilimpisha mlangoni. Mzee Odera alirudi kwenye mbao zake, akachonga unyayo mpaka akauharibu, na yeye hakuwa mtu wa kuharibu.

Mfupa uliingiwa na vijidudu. Homa ikamshika kiwandani, wakambeba. Hospitali walikata mara ya pili, safari hii juu ya goti.

Tulimtengenezea mguu mwingine. Miaka hiyo plastiki ilikuwa imeanza kuchukua nafasi ya ngozi ya ng'ombe. Inaoshwa, hainyonyi jasho, haiozi. Nyinyi mtaitumia na mtadhani imemaliza matatizo. Mguu ule ulikuwa wa plastiki juu, na goti la chuma katikati, kazi safi kabisa. Wekesa aliuvaa siku moja karakana, akatembea kutoka benchi hadi mlangoni, jasho likimtoka kama maji. Hilo nalo mlijue: mtu aliyepoteza sehemu kubwa ya mguu hutoa jasho zaidi kwingine, kwa sababu ngozi ndiyo inayoupoza mwili, na sasa amebaki na ngozi kidogo na kazi nzito zaidi. Alikaa chini. Akasema asante, Fundi. Akaondoka kwa magongo, na mguu Nafula akaubeba ndani ya gunia.

Baadaye, mvua zikiwa zimeisha, Nafula alirudi na gunia lilelile. Alilitua juu ya benchi.

"Hauvai," akasema. "Labda mtapata mtu mwingine."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alikaa, akavuta kitambaa chake cha kichwa, akaniuliza, "Mama, sasa hakuna mguu wa kuvaa. Naweza kumpaka asubuhi?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kidonda kimepona, hakuna kikombe, hakuna tanuri, ampake asubuhi, mchana, jioni, apake kopo zima akitaka.

"Hataki," akasema. "Anasema Fundi alisema ni mafuta. Njoo umwambie wewe. Yako atasikia."

Nilienda. Nilipanda zile ngazi zilizokuwa zimemshinda, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikishika ukuta, nikijifunza kwa magoti yangu mawili alichopoteza. Chumba kilikuwa safi. Watoto walikuwa shuleni. Wekesa alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Aliponisikia alinisalimu bila kugeuka, kwa heshima zote.

"Wekesa," nikasema, "nimekuja kukwambia sasa unaweza kupakwa. Haitadhuru kitu."

Nikasogea karibu na kitanda.

"Nilisema asubuhi kabla ya mguu. Sasa ni tofauti."

"Fundi," akasema, "ulisema ni mafuta?"

Ningeweza kusema hapana. Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile hadi leo nywele zikiwa nyeupe. Ningesema ni tanuri, ni jasho, ni lori la mchanga, na yote yangekuwa na ukweli. Lakini Nafula alikuwa amesimama pale, na yeye alikuwa kwenye benchi nilipofundisha, alisikia kila neno, na asingeniamini, na mumewe asingeniamini.

"Mafuta na jasho, na kusimama juu yake," nikasema.

"Basi."

Hakusema neno baya. Hakumlaumu mkewe kamwe, Nafula mwenyewe aliniambia, na pengine angemlaumu ingekuwa nafuu. Alivuta blanketi tu, akaifunika ile sehemu iliyobaki.

Nafula alikuwa amekwisha kuchota mafuta. Alikuwa amefungua kopo wakati ninapanda ngazi, ametia vidole, na yalikuwa yamekaa kwenye kiganja chake yakianza kuyeyuka. Mafuta yakishatoka kwenye kopo hayarudi. Alisimama katikati ya chumba na mkono wazi, akimtazama mumewe, kisha ukuta, kisha mimi. Halafu akanishika mikono. Ilikuwa imepauka, imepasuka kwa plasta, mizee kuliko mimi. Akanipaka. Alianza na migongo ya mikono, akashuka kidole kwa kidole, akazunguka kila kucha, taratibu, kama anavyopakwa mtu anayependwa. Hakuna aliyekuwa amenipaka mafuta tangu mama yangu. Nilimwacha. Wekesa alikuwa anatusikia, na hakugeuka.

Nilishuka na mikono inayong'aa. Sikushika ukuta, nisije nikaichafua.

Asubuhi iliyofuata Mzee Odera aliinua pua kabla sijavuka kizingiti. "Leo una mafuta, Mutheu," akasema. Kulikuwa na mama anangoja kwenye benchi, amekuja kupimwa mguu wake wa kwanza, na mikono yenye mafuta haishiki plasta. Nikaenda bombani nikainawa kwa sabuni, mara mbili, mpaka ikapauka.